Kichwa cha Bibi Noreen

Mimi na Taraivini ni mawifi kwa hesabu ya kwetu Fiji. Mama yake na baba yangu ni ndugu wa tumbo moja, na watoto wa kaka na dada wana ruhusa ya kutaniana mpaka mmoja azikwe. Kwa hiyo nikimsema vibaya humu ndani, usikasirike kwa niaba yake. Angeandika yeye angenisema vibaya zaidi, na angeanzia kwenye miguu yangu.

Vini, maana ndivyo tunavyomwita, alikuwa nesi miaka kumi na moja katika hospitali ya Labasa, wadi ya wanaume. Madereva wa malori ya miwa, watu wazima wenye mikono kama makasia, walikuwa wakimwona anakuja na sindano wanaanza kusali. Hakuwa mkali. Alikuwa na namna ya kunyamaza tu, na mtu akinyamaziwa na Vini hukumbuka dhambi zake zote. Mume alikuwa naye, lakini huyo alishajiondoa mwenyewe zamani, kwa mwanamke wa Savusavu, na hatuna haja ya kumzungumzia.

Walipokuja watu kutoka Australia kutafuta wahudumu wa nyumba za wazee, Vini akatia saini miaka minne. Wakampeleka Berri, mji wa machungwa kando ya mto Murray, ambako mimi nilikuwa nimeshatangulia miaka miwili nikifanya kazi jikoni katika nyumba hiyohiyo. Nilimpokea kituo cha basi na sufuria ya majimbi kwenye tui la nazi. Alikula akiwa amesimama, akanitazama, akasema, "Wifi, umenenepa mpaka nilidhani mmekuja wawili." Nikajua amefika salama.

Sasa, kazi ya mhudumu si kazi ya nesi. Mhudumu anaogesha, analisha, anageuza, anabadilisha shuka. Dawa hagusi. Sindano hagusi. Akiona jambo, anabonyeza kengele na kusubiri. Vini alisema ataweza, na akaweza, mpaka asubuhi ile ya Mzee Colin.

Mzee Colin alikuwa na moyo mbovu. Vini aliingia kumwamsha akamkuta anahema juujuu, miguu imevimba, kifua kinachemka maji. Akabonyeza kengele. Nesi wa zamu alikuwa mmoja, na dakika ileile alikuwa upande wa pili na mgonjwa mwingine aliyekuwa na hali mbaya zaidi. Vini akamkalisha mzee wima, akamshika mkono, akasubiri. Mzee alipona, nashukuru kusema. Lakini saa nne Vini alinifuata chumba cha kufulia, akaketi juu ya kapu la mataulo na kulia mpaka mataulo nikayafua upya.

"Nilijua cha kufanya, wifi," alisema. "Nilijua kila kitu. Nimekifanya mara mia. Na nimesimama pale kama jiwe."

"Hukusimama kama jiwe. Ulimshika mkono."

"Mkono hata paka angemshika."

Siku hiyo akaamua kuurudisha unesi wake.

Mtu akisikia hivyo anadhani ni suala la kujaza fomu moja. Jamani! Kwanza vyeti kutoka chuo cha Suva, vipigwe mihuri. Kisha barua kutoka Labasa kuthibitisha miaka kumi na moja, na pale Labasa karani aliyekuwa na faili alikuwa likizo, na aliporudi yeye, faili nalo likawa halionekani. Kisha barua ya polisi kwamba si mhalifu. Kisha mtihani wa Kiingereza, yeye ambaye aliandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza tangu ana miaka ishirini na mbili. Kisha mtihani wa kompyuta, ambao maswali yake yanakuja tu mpaka mashine yenyewe iamue imekujua vya kutosha na ijizime. Ilipojizima, Vini alidhani ameiharibu. Kumbe amefaulu. Ukabaki mtihani wa mwisho, wa vitendo, kule Adelaide: vituo kumi, kila kituo mgonjwa wa kuigiza na mtahini mwenye karatasi. Unasoma mlangoni, unaingia, unafanya, kengele inalia, unatoka.

Alikwenda akiwa na uhakika. Mimi pia. Mtu aliyetuliza wadi nzima ya madereva wa miwa angeshindwa na waigizaji?

Akashindwa.

Barua ilieleza kituo kilichomwangusha. Mgonjwa ameanguka, mkague kichwa. Na hapa ndipo lazima nieleze kidogo, maana bila hili hutaelewa hasira yetu. Kwetu kichwa cha mtu si kitu cha kukurupukia. Hata ukitaka kuchukua kikombe rafuni juu ya mtu aliyekaa, unainama, unasema "tulou", yaani naomba radhi, ndipo unanyoosha mkono, na ukimaliza unachutama na kupiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa. Tunafundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kuvaa viatu. Na mkubwa wako humkodolei macho. Unaangalia chini. Ukiulizwa jambo na jibu ni ndiyo, unanyanyua nyusi, yamekwisha.

Basi Vini alikuwa ameingia, akachutama chini kuliko kiti cha mgonjwa, macho sakafuni, akanong'ona tulou, akakikagua kile kichwa kwa mikono ambayo hata yai lisingevunjika ndani yake. Mgonjwa akamuuliza, "Nesi, nitakuwa salama?" Vini akanyanyua nyusi.

Barua ikasema: hakuomba ridhaa kabla ya kumgusa mgonjwa. Hakumtazama mgonjwa. Hakujibu swali la mgonjwa.

"Mimi!" Vini alipiga meza mpaka chumvi ikamwagika. Katika nyumba tuliyopanga tulikuwa wanawake sita wa Fiji, na wote tuliweka vijiko chini. "Mimi sikuomba ridhaa! Nimeomba ridhaa ya kila kichwa nilichogusa tangu nina miaka mitatu! Hata cha kuku nikichinja naomba!"

"Cha kuku hiyo ni uongo," nikasema.

"Nyamaza wewe na miguu yako."

Nilicheka, lakini nilikuwa na hofu. Mkataba wake ulikuwa unaisha Juni, na tulikuwa Novemba. Mtihani uliofuata ulikuwa Februari. Akishindwa tena, kupata tarehe nyingine, kusubiri majibu na kusajiliwa kabla ya Juni kusingewezekana, na angerudi nyumbani mhudumu aliyemaliza muda wake. Labasa nafasi yake ilishachukuliwa. Ilikuwa Februari au basi.

Hapa anaingia Bibi Noreen.

Bibi Noreen Schirmer alikuwa na miaka themanini na minane na ulimi wa miaka thelathini. Mumewe alimwachia shamba la machungwa, na majirani wakamshauri auze. Akaliendesha miaka ishirini peke yake na kununua la mmoja wa hao majirani. Chumba chake kilitazama ua wenye mlimau mmoja, na mlimau huo ulimtesa, kwa sababu mtunza bustani hakujua kupogolea. Kila nikipeleka chai ananionyesha: "Tazama tawi lile. Tazama alivyolikata. Mwizi angekata vizuri zaidi."

Alisikia habari za mtihani, kwani katika nyumba ya wazee hakuna siri. Siku moja baada ya chakula cha mchana akamwita Vini, na mimi nilikuwepo nakusanya vyombo.

"Binti, wanasema umefeli kwa sababu ya kichwa."

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi ninacho kimoja. Hakina kazi mchana. Njoo ufanyie mazoezi."

Vini akataka kukataa. Bibi Noreen akawa ameshafumba macho na kulegeza shingo. "Nimeanguka. Nimeteleza bafuni kama mpumbavu. Haya, anza."

Vini akachutama. Akainamisha macho. Akanong'ona.

Bibi Noreen akafumbua jicho moja. "Uko wapi? Mbona sikuoni? Umedondosha pini?"

Nilicheka mpaka kijiko kikaanguka. Vini akanitazama kwa lile jicho la wadi ya wanaume, kisha akamweleza Bibi habari yote, ya kichwa na heshima, ya kuinama, ya nyusi. Alieleza kwa haraka na kwa aibu, kama mtu anayekiri kosa. Bibi Noreen alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Basi hilo ni jambo zuri sana," akasema. "Mimi hapa nashikwa kichwa kila siku. Wananichana, wananivua miwani, wananifuta mdomo, hakuna anayebisha hodi. Wewe unabisha hodi. Ila unabisha kwa mgongo, binti, na mimi mgongo wako sijui kuusoma. Bisha kwa mdomo. Niangalie, uniambie."

"Kumwangalia mkubwa machoni, Bibi, ni…"

"Mimi ndiye mkubwa. Nimekuruhusu. Anza upya."

Wakaanza upya. Walianza upya Novemba, Desemba na Januari yote, katika joto ambalo hata nzi walilala. Kila siku ya kazi, robo saa ya mapumziko yake. "Habari, mimi ni Vini, nesi wako. Naomba uniambie jina lako kamili. Umeanguka. Ningependa kukukagua kichwa. Unaniruhusu?" Siku nyingine Bibi alikubali. Siku nyingine alikataa kwa makusudi na kutukana, ili Vini ajifunze kukataliwa. Siku moja alijifanya amekufa, na hiyo haikuwa nzuri, maana mhudumu mwingine alipita mlangoni.

Bibi naye akajifunza kitu. Lile suala la nyusi lilimpendeza mno. Nikimuuliza, "Maziwa, Bibi?" ananyanyua nyusi. "Biskuti?" Nyusi. Alizinyanyua zote mbili mpaka miwani ikapanda, kisha anacheka peke yake. "Ndiyo isiyo na sauti," alisema. "Ningeijua nikiwa na mume, ningepumzisha koo langu miaka arobaini."

Februari nikamwendesha Vini Adelaide kwa gari langu, mwendo wa saa tatu, tukiimba nyimbo za kanisani kwa sababu redio ni mbovu. Aliingia. Mimi nikakaa nje kwenye benchi nikila mihogo ya kuchemsha niliyofunga asubuhi, yake na yangu, kwa woga.

Alipotoka, alilipita benchi bila kuniona, kisha akarudi.

"Wifi," akasema, "nimepiga makofi."

"Makofi gani?"

"Kituo cha kichwa kimerudi tena. Nimesema yote. Nimemtazama machoni. Nimeomba, akakubali, nikamkagua, nikamjibu maswali yake yote kwa sauti. Halafu nikamaliza. Na mwili wenyewe tu, wifi, sikuutuma mimi, ukachutama, ukasema tulou, ukapiga makofi. Mbele ya mtahini. Mtahini akaacha kuandika."

Njia nzima ya kurudi hakuimba. Nilijaribu kumtania, nikashindwa. Karibu na mji wa Waikerie akaanza kupanga vitu vya kurudi navyo Labasa, kipi abebe, kipi aniachie. Akaniachia sufuria yake kubwa, na mimi nikakubali, kisha nikasimamisha gari pembeni nikalia kuliko yeye.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Alikuja nayo chumba cha kufulia, ameshika simu, hawezi kusoma. Nikasoma mimi. Nikasoma tena. Kuhusu makofi hapakuwa na neno hata moja. Kulikuwa na neno moja tu la maana, na lilikuwa: amefaulu.

Sijui nani alipiga kelele zaidi. Meneja alikuja akidhani mashine imemkata mtu mkono. Vini alinikumbatia akiwa bado ameshika simu, akaniambia sikioni, "Sufuria nirudishie."

Vikafuata vingine, kusajiliwa, karatasi za kibali, kuapa hiki na kile, na mwezi Mei nyumba ileile ikamwajiri kama nesi. Sare ya bluu. Funguo za kabati la dawa shingoni. Siku ya kwanza alipita mbele ya jiko mara nne bila sababu, na mara zote nne nilimwambia amependeza. Ndiyo siku pekee katika maisha yetu.

Jumapili hiyo tulikwenda wote sita, baada ya kanisa, kumshukuru Bibi Noreen. Tulibeba mkeka, mkeka wa maana, wenye nyuzi za rangi pembeni, ambao mama yake Vini aliusuka na kuutuma. Tukakaa chini kwenye zulia. Vini akausogeza mbele kwa mikono miwili na kusema maneno ya shukrani kwa lugha ya kwetu, marefu, kwa sababu hayatafsiriki vizuri na hakutaka kuyapunguza. Kisha sote tukapiga makofi. Bibi Noreen alikaa wima kwenye kiti chake, mikono mapajani. "Na mimi nafanya nini?" akauliza. Nikamwambia apokee, basi. Akaweka mkono juu ya mkeka. Baadaye akasema koo limemkauka na vumbi la mkeka, na akaomba maji, lakini mkeka ule haukuwa na vumbi.

Mwezi Agosti, Jumanne, saa nne asubuhi, nilikuwa nasukuma toroli ya chai nikasikia kishindo uani.

Bibi Noreen alikuwa ameuchukua mkasi wa mtunza bustani. Mlimau ulikuwa umeshakatwa matawi mawili, na vizuri. Yeye alikuwa chini, kichwa kando ya ukingo wa saruji, mkasi bado mkononi. Nikapiga kelele. Vini akatokea mbio na mfuko wake, akapiga magoti. Mimi nilikuwa nyuma yake, naona mgongo wake wa bluu tu na viatu vya Bibi.

"Bibi Noreen," akasema, kwa sauti ileile ya robo saa za Novemba, "mimi ni Vini, nesi wako. Umeanguka. Naomba nikukague kichwa. Unaniruhusu?"

Kimya. Nilisubiri nisikie tusi. Sikusikia hata pumzi. Vini naye hakumgusa. Alikuwa amemkazia macho, anasubiri, na mimi nikataka kumwambia, mshike basi, mwanamke, mtihani uliisha! Kisha akasema taratibu, "Tulou," na mikono yake ikaenda.

Baada ya hapo hakusubiri mtu. Shingo aliizuia isisogee. Tochi, jicho la kulia, jicho la kushoto. Mboni moja ilichelewa. Akamwambia abane vidole, mkono mmoja ukabana, mwingine haukubana. Alikuwa tayari anajua Bibi anakunywa dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, kwa sababu ni yeye aliyempa asubuhi. Akaita gari la wagonjwa, akataja kila kitu kwa sentensi tatu, na walipofika hawakumuuliza hata mara moja. Mchana Bibi alikuwa ndani ya ndege kwenda Adelaide. Huko wakatoboa tundu dogo la kutoa damu iliyokuwa ikikusanyika ndani ya fuvu. Daktari alipiga simu kusema kwamba mgonjwa ameletwa kwa wakati, na nani alimkagua? Meneja akataja jina. Nilikuwa mlangoni na sinia, nikasikia, na sitaki kusema nilivyojisikia kwa sababu nitalia tena.

Jioni Vini alikaa kujaza fomu ya ajali. Nilisoma juu ya bega lake. Palikuwa na mahali pa kuandika kama mgonjwa aliridhia kukaguliwa. Aliandika: ndiyo.

"Wifi," nikamnong'oneza, "usije ukajiponza. Nilikuwepo. Hakusema kitu."

"Akirudi muulize mwenyewe."

Alirudi baada ya wiki tano. Kichwa nusu kimenyolewa, kilemba cha maua, fimbo, na maneno yakitoka polepole kuliko zamani, ingawa hayajapungua ukali. Nilimpelekea chai. Mlimau nje ulikuwa umeanza kuchipua pale alipokata. Vini alikuwa dirishani anapanga dawa zake, anajifanya hatusikii.

"Bibi," nikasema, "nina swali. Siku ile uliyoanguka, huyu mwanamke alikuomba ruhusa ya kukushika kichwa. Ulimpa?"

Bibi Noreen aliweka kikombe chini. Akanitazama, akamtazama Vini. Akanyanyua nyusi, zote mbili, juu kabisa, mpaka kilemba kikasogea.

Nikaachia toroli, nikachutama palepale kwenye zulia, nikampigia makofi.